Naomba Usikate Simu

Chumbani kwangu,
3 Februari

Mama,

Shikamoo. Usishtuke kuona barua. Sijafukuzwa kazi, sijaolewa kwa siri, siumwi. Nina ombi moja tu, na kulisema kwa mdomo nimeona aibu: usinipigie simu tena.

Ngoja kwanza, usinune. Kazi yangu unaijua. Tangu asubuhi nimevaa hedifoni, simu moja ikikatika nyingine imeshaingia, na kila anayepiga ana hasira. Hakuna mtu anayeipigia kampuni ya maji kusema leo maji yametoka vizuri. Nikishatoka pale, simu ikilia, hata ya mtu nisiyemjua barabarani, navuka upande wa pili. Juzi uliponipigia niliitazama inalia mpaka ikanyamaza, halafu nikakaa kitandani nikajichukia. Mama yangu mzazi! Kwa hiyo tuandikiane. Barua haina mlio. Ila ukiwa na dharura piga, nitajua kuna jambo.

Mengine ni mazuri. Msimamizi wangu amenipa jina, ananiita Nguzo. Wenzangu wawili wameacha kazi, nafasi zao hazijajazwa, na simu zao zinaletwa kwangu kwa sababu nasifiwa kuwa sijui kununa. Picha yangu wameibandika ukutani, karibu na mtungi wa maji ya kunywa, imeandikwa "Sauti ya Mwezi". Ungeiona ungecheka. Nimetoa meno yote kama nauza dawa ya mswaki.

Msalimie Fundi Baiskeli.

Mwanao,
Kasuku


Nyumbani,
14 Februari

Kasuku wangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, kisha nikamsomea Fundi Baiskeli kupitia dirishani, maana kibanda chake na cherehani yangu vinatazamana kama unavyojua. Akasema, "Yule mtoto aliyekuwa anaongea mpaka na kuku, leo ndiye anakataa simu?" Nikamwambia akaze nati zake. Lakini maneno yake yalinichoma. Jina la Kasuku hukupewa bure. Wateja wangu walikuwa wanaogopa kuja kupimwa nguo mbele yako, kwa sababu jioni mtaa mzima ungejua nani kanenepa.

Haya, sipigi. Ila ujue umenifunga mdomo kama mkwe mkorofi.

Hilo jina la Nguzo sikulipenda. Nguzo watu wanaiegemea, na sijawahi kusikia mtu anaiuliza nguzo imeshindaje. Na hao wawili walioacha kazi, waliachia nini? Umepita hapo mbio mbio kama mtu anayepita kwa mdai wake.

Mimi mzima. Nashona mapazia ya shule, marefu kuliko mimi. Goti linaniuma kukiwa na baridi. Vile vigae ulivyoniwekea jikoni vinang'aa mpaka najiona, ila vikilowa vinateleza kama sabuni, natembea humo kwa adabu.

Njoo hata wiki moja. Sikuiti uje kunisaidia kazi. Nakuita uje ulale.

Mama


Chumbani kwangu,
20 Machi

Mama,

Shikamoo. Nisamehe kwa kuchelewa. Karatasi ilikaa mezani muda mrefu na neno moja tu, "Mama". Kila nikirudi naiona, nasema kesho.

Umeuliza kuhusu wale wawili. Mmoja alianza kulia katikati ya simu ya mteja akashindwa kunyamaza. Walimtoa nje apate hewa, hakurudi. Wa pili aliamka siku moja akashindwa kuvaa viatu. Ndivyo alivyoeleza mwenyewe: alikaa kitandani ameshika kiatu, hajui akifanye nini. Tulimcheka, Mama. Na mimi nilicheka. Siku hizi kuna asubuhi najikuta nami nimeshika kiatu.

Kwenda chooni tunainua mkono, kama darasa la kwanza. Bomba hatutengenezi sisi, maji hatufungui sisi, bili hatuandiki sisi. Sisi kazi yetu ni kuombea radhi makosa ya watu tusiowaona. Na maneno ya kuombea radhi tumepangiwa, hayaongezwi wala hayapunguzwi. Mwanzo: "Asante kwa kutupigia. Naomba usikate simu, unaendelea kuhudumiwa." Mwisho: "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Jana mwenye duka aliniuliza nataka nini, nikamjibu, "Asante kwa kutupigia." Watu dukani walicheka sana.

Kuna mama mmoja alipiga wiki iliyopita, ana mgonjwa ndani na bomba limekauka. Alikuwa analia. Nilimsomea maneno yote kwa sauti nzuri kabisa, huku natazama kucha zangu. Alipokata ndipo nikagundua kwamba sikumhurumia hata kidogo. Zamani ningelia naye. Sijui huruma yangu nimeiacha wapi.

Kuja sasa hivi siwezi. Msimamizi anasema nikiondoka zamu itaanguka, na hasemi uongo. Labda mwezi wa sita. Usinionee huruma, kazi ni kazi, wangapi wanaitafuta.

Kasuku


Nyumbani,
2 Aprili

Mwanangu,

Bandu bandu huisha gogo. Sina methali nyingine leo.

Eti ukiondoka zamu itaanguka. Basi hiyo zamu haina miguu yake, inatembea kwa ya kwako. Na huyo msimamizi, ukianguka wewe, atakuokota na nini? Hebu nijibu jambo moja. Unakula na nani huko? Barua zako zote sijaona jina la rafiki. Kulikuwa na yule msusi mliyekuwa mnakaa chumba kimoja, mlikuwa mnacheka mpaka mwenye nyumba anagonga ukuta. Kahamia wapi? Na mpira wa pete wa Jumapili, umeuacha lini?

Mtu akichoka hulala, akiamka amepona. Wewe unaamka umechoka. Sijui ugonjwa huo unaitwaje, ila kwenye cherehani nimeuona. Ukiiendesha bila mafuta haisimami siku hiyo hiyo. Inaendelea kushona vizuri tu, sindano ndiyo inaanza kuruka mishono. Usipoangalia, utakuja kujua siku nguo inamfumukia mtu mwilini.

Naogopa, Kasuku. Nasema wazi. Naogopa nitaletewa mtoto asiyenijua. Omba likizo uje. Usipoomba wewe, nitapanda basi nije kumwomba huyo msimamizi mwenyewe, na mdomo wangu unaujua.

Mama


Chumbani kwangu,
28 Aprili

Mama,

Shikamoo. Haraka haraka tu.

Ulinipigia Jumamosi. Nimeona leo kwenye simu: ilikuwa mchana, na tuliongea muda mrefu sana. Sikumbuki hata neno moja. Nilikuwa nimetoka kuunganisha zamu mbili, nikajitupa kitandani na viatu miguuni. Nafikiri nilipokea nikiwa usingizini. Nimekupigia, hupatikani.

Tuliongea nini? Kama nilisema upuuzi nisamehe. Ungekuwa na shida ningekumbuka, si ndiyo? Shida ya mama yangu siwezi kuisahau hata nikiwa nimelala. Kwa hiyo nimetulia.

Ila Jumamosi ile nililala, Mama. Nililala kweli, mpaka jua likazama. Miezi sijalala hivyo. Labda ni sauti yako.

Kasuku


Nyumbani,
8 Mei

Kasuku wangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa Fundi Baiskeli, usimcheke, anaandika kama anakaza nati. Mimi nasema, yeye anaandika. Mkono wangu wa kulia umeteguka kidogo, si jambo. Simu nayo ilitumbukia kwenye ndoo, ndiyo maana hunipati.

Jumamosi tuliongea mambo ya kawaida. Mapazia. Goti langu. Hukusema upuuzi wowote. Ulikuwa na adabu sana.

Nimefurahi kusikia ulilala. Nimefurahi kuliko unavyofikiri. Uwe unalala hivyo.

Ukipata nafasi uje. Sikulazimishi.

Mama


Kibandani,
9 Mei

Binti,

Jana niliandika ya mama yako. Leo naandika ya kwangu. Ameniapisha nisiseme kitu, na nikaapa, na sasa navunja kiapo mchana kweupe. Mimi mtu akiniletea baiskeli iliyopinda namwambia imepinda. Hata akinuna.

Mama yako hakuteguka. Alianguka jikoni Jumamosi ile, kwenye vile vigae, ndoo ya maji mkononi. Amevunjika nyonga, na kifundo cha mkono. Amelazwa, amerudishwa, sasa yuko kitandani na dada wa nyumba ya nyuma ndiye anayemwogesha. Daktari hakutuahidi kwamba atatembea tena bila kushikwa.

Sasa sikia. Alipoanguka simu ilikuwa mfukoni mwa aproni. Mimi nilikuwa nimefunga kibanda nimefuata mipira ya baiskeli sokoni. Akakupigia wewe. Na wewe ulipokea! Ulimwambia, kwa sauti nzuri anasema, "Asante kwa kutupigia. Naomba usikate simu, unaendelea kuhudumiwa." Kisha kimya. Mama yako hakukata. Alilala pale kwenye maji, simu sikioni, mpaka salio likaisha lote. Alipotaka kunitafuta mimi hakuwa na salio la kunipigia, mkono ukalegea, simu ikatumbukia kwenye maji yaliyobaki ndani ya ndoo. Nilirudi jioni kufuata suruali yangu aliyokuwa anaitia kiraka. Nikamkuta midomo imekauka. Neno la kwanza aliloniambia ni kwamba suruali iko tayari, juu ya meza.

Nilimuuliza, "Kwa nini hukumkatia ukanipigia mimi?" Akanijibu, "Aliniambia nisikate." Mtu mzima na akili zake timamu!

Nina hasira, binti, sitakuficha. Nilitaka kuandika kwamba usijilaumu, nimeshindwa kuliandika. Lakini wewe nimekuona unajifunza kutembea hapa mbele ya kibanda changu umeshika tairi. Najua hukuwa wewe uliyeongea kwenye ile simu. Basi aliyekuwa anaongea ni nani? Njoo nyumbani.

Fundi Baiskeli


Stendi ya mabasi,
17 Mei

Baba Fundi,

Shikamoo. Barua yako niliisomea kwenye ngazi za kazini, wakati wa mapumziko. Nilipomaliza nikakaa nikisubiri kulia. Unajua nini kilikuja kichwani? "Samahani kwa usumbufu uliojitokeza." Hilo tu. Nikajipiga kofi, kweli nakwambia, nikasubiri tena. Kisha muda wa mapumziko ukaisha nikarudi kwenye kiti. Nilirudi, Baba Fundi. Mama yangu amevunjika kwa ajili yangu, nami nikavaa hedifoni.

Jioni nilimwomba msimamizi ruhusa. Akanipa pole, pole ya kweli, macho yake yalilowa. Akasema, nimalizie tu wiki hii. Nikasema sawa. Mdomo wangu ulishasema sawa kabla mimi sijafika.

Leo asubuhi akapiga mzee mmoja, anauliza maji yatatoka lini. Nikamwambia, "Naomba usikate simu." Akajibu, "Sawa mwanangu, nipo nasubiri." Aliposema mwanangu, nikasimama. Nikavua hedifoni nikaiweka mezani taratibu. Taa ya simu yake ilikuwa bado inawaka. Nikatoka. Simu yangu ya mkononi imebaki kwenye droo, sikuifuata.

Nimekaa hapa na tiketi mkononi. Basi la kwanza limeondoka. Hili la pili linawasha injini, nami siwezi kunyanyuka. Siumwi popote. Naiambia miguu inyanyuke, hainisikii. Kwa hiyo nampa kondakta barua hii badala ya kupanda, anasema anapakia mizigo karibu na kibanda chako.

Njoo unichukue. Mama usimwambie kwamba sikulia.

Kasuku


Ofisini,
30 Mei

Nguzo wetu,

Natumaini barua hii itakukuta. Anwani ya nyumbani kwenu nimeitoa kwenye faili lako la ajira, kwa sababu simu yako umeiacha humu kwenye droo, ililia mpaka nikaifunga kwenye kitambaa.

Hukuaga. Nimewaambia wakubwa kwamba unaumwa, wakaniuliza unaumwa nini. Picha yako ya Sauti ya Mwezi bado ipo. Nafasi yako hawajaijaza, kwa sasa nakaa mimi kwenye kiti chako, pamoja na kazi yangu ya kawaida. Juzi nilimwita mume wangu "mpendwa mteja". Sijui kwa nini nakwambia hili.

Yule mzee uliyemwacha kwenye laini nilimkuta nilipoiona taa. Alikuwa bado anasubiri.

Nikuulize kama dada yako, si kama mkubwa wako: unarudi lini? Niandikie hata neno moja, tarehe tu, niwape wakubwa. Bila hivyo watakutoa kazini, nami sitaweza kuwazuia.

Msimamizi wako


Nyumbani,
11 Juni

Mwanangu Msimamizi,

Mimi ndiye mama yake. Mwandiko univumilie, mkono umetoka kwenye plasta juzi juzi. Barua yako nimeifungua mimi, kwa sababu mwenyewe amelala.

Nilikuwa nimejiandaa kukutukana. Maneno nilishayapanga, na mimi nikipanga maneno huwa hayabaki mdomoni. Kisha nikafika pale kwa mume wako na mpendwa mteja, nikaishiwa nguvu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, ndivyo ulivyouona wa binti yangu. Sasa umeubeba wewe, umeujua uzito. Pole, mwanangu. Kama mama yako yuko hai, mwandikie kabla hujashika kiatu.

Unataka tarehe. Nitakueleza hali, tarehe utajaza mwenyewe.

Fundi, jirani yangu, alimkuta stendi amekaa, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi. Amemleta hapa. Wanasema ng'ombe avunjikapo guu hurejea zizini, na zizi hili sasa lina ng'ombe wawili, mmoja kitandani, mwingine kwenye godoro pembeni yake. Analala. Akiamka anakunywa chai, anatazama ukuta, analala tena. Fundi amezing'oa kengele kwenye baiskeli zote za wateja kibandani kwake, kwa sababu moja ililia binti yangu akajificha chini ya meza yangu ya kushonea. Wateja wanalalamika, anawaambia wapige mluzi.

Haongei. Huyu mtoto alikuwa anaongea mpaka na kuku. Bado hajalia pia, naye anafikiri sijui. Kuna wakati anaisema ile sala yenu usingizini, ile ya asante kwa kutupigia, kwa sauti nzuri kweli. Nyinyi mliibandika ukutani sauti hiyo. Mimi naisikia hapa, nataka kuziba masikio.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia hata Fundi, yeye anafikiri nilibaki kwenye ile simu kwa sababu niliambiwa nisikate. Amenicheka, nimemwacha acheke. Sivyo. Binti yangu aliponisomea yale maneno nilijua hayupo. Nikataka kumwita kwa jina, kwa nguvu, kama nilivyokuwa namwita akiwa mdogo. Mdomo niliufungua. Ndipo nikamsikia anakoroma.

Alikuwa analala. Barua zake zote zilikuwa zinaniambia halali, na sasa nilikuwa namsikia kwa sikio langu, anavuta pumzi ndefu, anaachia, kama alivyokuwa analala mgongoni kwangu nikishona. Nilijua nikimwita mara moja tu ataamka, atalia, atapanda basi, na asubuhi ya pili mtamwita arudi. Nikafunga mdomo. Nikalala pale kwenye maji nikimsikiliza mpaka salio likaisha.

Sasa unaniuliza anarudi lini. Amelala hapa ubavuni kwangu, namsikia ninavyoandika. Mimi nilikuwa sakafuni, nyonga imevunjika, na sikumwamsha. Leo nimwamshe kwa ajili ya bili za maji?

Mama yake